"Gunzi Amelala": Upatanisho wa Ngeli na Mchezo wa Kujifanya katika Vitabu vya Picha vya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Kiswahili kinavyoeleza mchezo wa watoto wa kujifanya, na namna uelezaji huo unavyoweza kuhifadhiwa au kupotezwa katika kitabu cha picha. Hoja kuu ni kwamba mtoto anayekipa kitu uhai hukipatanisha kitu hicho na ngeli ya A-WA, na kwamba upatanisho huo ndio alama iliyo wazi zaidi ya kuonyesha ni nani ndani ya hadithi anayeuona ulimwengu wa mchezo na ni nani asiyeuona. Mifano ya lugha imetokana na usemi wa kawaida wa eneo la Bunda, mkoani Mara, alikokulia mwandishi. Makala yanagusa pia istilahi ya rafiki wa kubuni, nafasi ya neno "eti", na tofauti iliyopo kati ya kujifanya na ngano.

1. Kosa la mhariri

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mswada wa kitabu cha picha ili niukague kwa upande wa lugha. Kilikuwa kitabu kifupi cha watoto wa madarasa ya mwanzo. Msichana mdogo anachukua gunzi la hindi, analifunga mgongoni kwa kipande cha kanga, analipikia, analiogesha, na jioni analilaza. Katika ukurasa mmoja maandishi yalikuwa maneno mawili tu: "Gunzi amelala." Nilifuta kiambishi, nikaandika "limelala". Nilifanya hivyo katika sehemu tisa, nikauridhia mswada, nikalipwa ujira wangu. Kitabu kikachapishwa.

Nilikuja kukisoma kwa sauti nikiwa nyumbani Kabasa, mbele ya mjukuu wa dada yangu ambaye hajaanza shule. Kila nilipofika penye "limelala", "limekula", "linalia", mtoto yule alinisahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye picha: "Amelala." "Amekula." "Analia." Nilidhani mwanzoni kwamba hajaijua bado ngeli ya LI-YA. Lakini dakika chache baadaye aliliokota gunzi halisi uani na kumwambia mama yake kwamba limeoza. Sarufi alikuwa nayo. Aliyekuwa hajaelewa hadithi ni mimi.

Makala haya ni jaribio la kueleza, kwa njia za kiisimu, kitu alichokijua mtoto yule. Ninaandika nikiwafikiria zaidi wahariri na wafasiri wa vitabu vya watoto, kwa sababu wao ndio wenye kalamu ya mwisho.

2. Rafiki wa nani?

Katika saikolojia ya makuzi, Marjorie Taylor ndiye aliyeupa uwanja huu kitabu chake cha msingi mwaka 1999. Taylor anaweka pamoja mambo mawili ambayo mtu angeweza kuyatenga: rafiki asiye na umbo lolote la kushikika, na kitu cha kushikika, kama mwanasesere, ambacho mtoto amekipa jina, tabia na historia inayodumu. Katika utafiti alioufanya na wenzake Marekani na kuchapishwa mwaka 2004, takribani asilimia 65 ya watoto walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa aina moja au nyingine kufikia umri wa miaka 7. Jambo analolisisitiza, na ambalo wazazi wengi hushangaa kulisikia, ni kwamba watoto hawa hawachanganyikiwi. Wanapohojiwa kwa urefu juu ya rafiki huyo, baadhi yao humkatiza mtafiti ili kumkumbusha kwamba rafiki mwenyewe si wa kweli.

Kiswahili hakina istilahi moja iliyokubalika kwa dhana hii, na zile zinazopendekezwa hazilingani kimaana. "Rafiki wa kufikirika" inasikika vizuri, lakini kauli ya kutendeka ina tabia ya kumwondoa mtenda. Tukisema barabara inapitika, hatujamtaja mpitaji, na pengine hayupo. Hivyo rafiki wa kufikirika anafikirika tu, hatuambiwi na nani, ilhali kiini cha jambo ni kwamba yupo mtoto mahususi anayemfikiri. "Rafiki asiyeonekana" ina tatizo kubwa zaidi. Katika mazingira yetu wasioonekana wana wenyewe: majini, pepo, mizimu. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe anazungumza na rafiki asiyeonekana anaweza kuanza kufikiria maombi au mganga, na hapo mchezo wa mtoto umekwisha kugeuzwa ugonjwa na istilahi tu. Nimewahi pia kusikia mtu akipendekeza "rafiki hewa". Msomaji wa Tanzania aliyesikia habari za watumishi hewa ataona mara moja kwamba mtoto huyo sasa anatafutwa na wakaguzi wa mishahara.

Ninatumia "rafiki wa kubuni". Kitenzi kubuni kinamhitaji mbunifu, na tayari kinatumika katika fasihi kwa hadithi zisizodai kuwa taarifa. Kina doa lake, kwani ushahidi nao hubuniwa, lakini ni doa linaloweza kuvumiliwa.

Ugumu huu wa istilahi unaendana na ugumu wa msamiati wenyewe wa kujifanya. Kitenzi kujifanya, mtu mzima akikitumia kwa mtu mzima mwenzake, karibu daima ni lawama: anajifanya mjuaji, anajifanya mgonjwa. Neno bandia katika makamusi lina maana mbili zinazokaa pamoja bila aibu: mwanasesere, na kitu kisicho halisi. Noti bandia na mtoto wa bandia wanalala katika kidahizo kimoja. Sisemi kwamba lugha inamkataza mtoto kucheza. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuueleza mchezo huu kwa heshima anakuta maneno mengi ya karibu yamekwisha kukaliwa na tuhuma, na hana budi kutafuta njia nyingine. Njia hiyo ipo, na haiko katika msamiati.

3. "Eti" iliyo mlangoni

Kabla ya kufika kwenye ngeli, tutazame namna watoto wanavyoufungua mchezo. Mifano ifuatayo ni ya kawaida kiasi kwamba msomaji ataisikia katika uwanja wowote wa shule:

(1) Tufanye mimi ni mama, wewe ni mtoto.
(2) Eti hapa ni hospitali.
(3) Wewe uwe konda, mimi niwe dereva.
(4) Halafu unakuja, unagonga mlango, unanikuta nimelala.

Sentensi hizi si mchezo bado. Ni makubaliano ya mchezo. Lugha nyingine huweka alama ya wakati au ya hali katika hatua hii: watoto wa Kifaransa hutumia hali ya masharti, na wale wa Kiitaliano hutumia wakati uliopita usiotimilika, hata wanasarufi wa lugha hiyo wakaupa matumizi haya jina la pekee. Kiswahili kinatumia dhamira tegemezi (tufanye, uwe), kishirikishi "ni" cha kawaida kabisa, na neno "eti". Mchezo wenyewe ukishaanza, "eti" hutoweka. Daktari hasemi "eti unaumwa wapi". Anasema "unaumwa wapi". Neno hilo hurudi pale tu mmoja anapotaka kutoka nje kidogo ili kupanga jambo jipya: "Eti usiku umeingia." Kwa maneno mengine, "eti" ya watoto hukaa mlangoni.

"Eti" ya watu wazima hukaa mahali pengine. "Eti yeye ni daktari!" ni kejeli, na msemaji anajitenga na dai analolinukuu. Umbo ni lilelile, na kinachotofautisha ni kiimbo na nafasi katika mazungumzo. Kitabu hakina kiimbo. Ndiyo maana neno hili ni la hatari mno katika kinywa cha msimulizi. Linganisha:

(5) a. Neema alikaa chini ya mwembe, eti anapika ugali.
    b. Neema alikaa chini ya mwembe, akapika ugali.

Katika (5a) msimulizi amesimama na watu wazima, anamtazama Neema kwa tabasamu la kando. Mtoto anayesomewa naye analazimishwa kusimama hapo. Katika (5b) msimulizi amekaa chini ya mwembe pamoja na Neema. Kwamba ugali ni tope na sufuria ni kifuu, hilo ni kazi ya picha, na picha inaliweza. Miswada mingi ninayoiona huchagua (5a), kisha humleta mama anayemfundisha Neema kupika ugali wa kweli. Funzo ni zuri. Lakini kitabu hicho kimeondoka katika mchezo kabla mchezo haujaanza.

4. Uhai kabla ya umbo

Sasa tulirudie gunzi.

(6) a. Gunzi limelala.
    b. Gunzi amelala.

Mhariri anaona (6b) kuwa kosa la upatanisho. Nomino gunzi, kwa wingi magunzi, ni ya LI-YA. Lakini sarufi ya Kiswahili haiangalii umbo peke yake. Kiboko na kipepeo vina umbo la KI-VI na hupatanishwa na A-WA kwa kuwa vina uhai, kanuni ambayo Ashton (1944) aliieleza na ambayo kila mwalimu wa sarufi huifundisha. Mbele ya uhai, umbo hunyamaza. Mtoto anayesema "gunzi amelala" hajaivunja kanuni hii. Ameitekeleza kwa ukamilifu: kwake gunzi hili lina uhai, kwa hiyo linapata kiambishi cha wenye uhai. Anayebishana naye habishani juu ya sarufi, anabishana juu ya ulimwengu.

Hili ndilo nililolikosa kwenye mswada. Nilidhani ninasahihisha kiambishi, kumbe nilikuwa ninatoa hukumu kwamba mtoto wa msichana yule ni gunzi tu, na nilikuwa ninaitoa kwa sauti ya msimulizi, kurasa tisa mfululizo.

Inafaa kulitenga jambo hili na tashhisi, kwani wanafunzi wangu huyachanganya. Katika tashhisi, mtunzi ndiye anayekipa kitu uhai, na ulimwengu mzima wa matini unakubaliana naye. Jua na Upepo wakishindana katika hadithi, hakuna mhusika anayetokea kuuliza inakuwaje Jua lizungumze. Mara nyingi mtunzi hutoa na kibali cha heshima, akasema Bwana Jua au Mzee Kobe, na cheo hicho kikaufanya upatanisho wa A-WA usishtue. Mchezo wa kujifanya ni tofauti: anayetoa uhai ni mhusika, wahusika wengine wanaweza kumkatalia, na matini haina wajibu wa kuamua. Kwa hiyo upatanisho unaweza kubadilika ndani ya ukurasa mmoja kulingana na anayezungumza:

(7) "Liache gunzi hilo, njoo ule."
    "Amelala. Ukipiga kelele ataamka."

Mistari hii miwili ina ulimwengu mbili, na hakuna msimulizi aliyehitajika kuieleza. Mama anasema hilo, mtoto anasema a-. Lugha isiyo na ngeli ingetafuta njia ndefu zaidi. Mwandishi anaweza hata kuchanganya ndani ya sentensi moja, "Gunzi langu amelala", ambapo kimilikishi kinabaki upande wa kitu na kitenzi kinavuka kwenda upande wa mtoto. Sentensi hiyo ingemtia mhariri homa, lakini ni picha halisi ya mtu mwenye mguu mmoja kila upande wa mlango.

Vivyo hivyo kwa viashiria. Mvulana anayechunga mawe kama ng'ombe, mchezo ambao kila aliyekulia katika nchi ya wafugaji anaujua, hana haja ya kutaja jiwe wala ng'ombe. Anasema, "Huyu anapiga teke, mfungeni." Maandishi ya kitabu yakiwa ni hayo tu, na picha ikionyesha jiwe la ukubwa wa ngumi lililofungwa kwa kamba, msomaji amepewa vyote viwili. Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 juu ya mchezo, alieleza kwamba fimbo anayoipanda mtoto kama farasi ni egemeo la kuitenga maana na kitu. Katika Kiswahili egemeo hilo lina umbo la kisarufi: ni huyu badala ya hili.

Jambo hili halimkuti mtoto wa Bunda akiwa mgeni. Kijita, Kizanaki na Kiikizu ni lugha za Kibantu zenye ngeli, na mtoto anayetoka katika lugha hizo hukuta Kiswahili kikifanya kazi kwa utaratibu anaoutambua. Mtoto anayetoka katika nyumba ya Kijaluo, lugha isiyo na ngeli za namna hii, anafika kwa njia nyingine, na ingefaa mtu aichunguze njia hiyo kwa utaratibu.

Kuna faida moja zaidi ambayo wafasiri huitambua baadaye sana. Kiambishi a- hakisemi kama aliyetajwa ni wa kike au wa kiume, mtu au mnyama.

(8) Alikuja tena jana usiku.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu unaweza kuwa huo. Mwandishi wa Kiingereza hana budi kuchagua kiwakilishi, na akishachagua ametoa siri. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuishika siri kurasa kumi na kuiachia picha iseme kwamba aliyekuja ni fisi mwenye kofia. Ni ajabu kwamba vitabu vyetu havikitumii kipawa hiki mara kwa mara.

5. Ngano si kujifanya

Mtu anaweza kuuliza: je, hatuna ubunifu wa kutosha katika ngano? Sungura anazungumza, mti unajibu, zimwi linameza kijiji. John Kilaka, msanii wa Kitanzania anayechora kwa mtindo ulioanzia kwa Edward Saidi Tingatinga, huwavika wanyama wake nguo za watu, na vitabu vyake vimesafiri hadi Ulaya na Amerika. Ni kazi ninazozipenda. Lakini si jambo lilelile.

Ngano hufunguliwa kwa wote. Fanani akisema "Paukwa", hadhira nzima inajibu "Pakawa", na kuanzia hapo kila aliyeketi amekubali kwamba sungura anasema. Hakuna mtu mzima anayebaki nje. Katika mchezo wa kujifanya mlango ni wa mtoto mmoja, au wawili, na mtu mzima yuko uani akifua nguo bila habari. Kitabu cha rafiki wa kubuni hakina budi kubeba pande hizo mbili kwa wakati mmoja, na ndipo kitabu cha picha kinapokuwa chombo cha pekee. Maria Nikolajeva na Carole Scott (2001) wameonyesha kwa undani kwamba maandishi na picha vinaweza kupingana kwa makusudi, na kwamba maana ya kitabu huzaliwa katika kupingana huko.

Mfano maarufu kabisa ni Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak (1963). Max, aliyeadhibiwa kwa kupelekwa chumbani bila chakula, anakiona chumba kikigeuka msitu, anasafiri hadi kwa viumbe wa kutisha, anakuwa mfalme wao, kisha anarudi na kukuta chakula chake kikiwa bado cha moto. Kila ninapowapa wanafunzi wangu kitabu hiki kama zoezi la tafsiri, mjadala unakwama katika jina la viumbe hao. Wengi huanza na "mazimwi". Ni neno zuri lenye mzigo mzito: zimwi la ngano lina kazi yake inayojulikana, hula watu, na mwisho wake unajulikana pia. Max hawaogopi viumbe wake kwa namna hiyo, kwani ni wa kwake. Wengine husema "majitu", na hapo swali la ngeli linarudi kwa nguvu: majitu yalicheza, au majitu walicheza? Ukubwa unavuta kuelekea YA, uhai unavuta kuelekea WA. Mwanafunzi mmoja alipendekeza yaanze kwa YA yanapotisha, kisha yawe WA baada ya Max kuwa mfalme. Nilimpa alama za juu, na ninakiri kwamba sikuwa nimeliona hilo mwenyewe.

6. Lala Land na uani

Kwa upande wetu, mfano unaofahamika na watoto wengi zaidi haupo kwenye kitabu bali kwenye runinga. Akili and Me, kipindi cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, kinamhusu msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala usingizi, huingia Lala Land, nchi yenye marafiki zake wanyama ambao hujifunza pamoja naye herufi, namba na sanaa. Jina la nchi hiyo limetungwa kwa werevu, kwani nusu yake ni kitenzi cha Kiswahili.

Angalia lakini mahali mlango ulipowekwa. Akili huwaona marafiki zake akiwa amelala. Ndoto ni kibali kinachoeleweka kwa kila mzazi: aliyelala haulizwi anazungumza na nani. Uamuzi huo una busara yake kwa kipindi kinachotaka kuingia katika kila nyumba. Gharama yake ni kwamba pande mbili hazikutani kamwe. Mama hapati nafasi ya kusema "liache hilo", na mtoto hapati nafasi ya kujibu "amelala". Mchezo wa mchana, unaochezwa uani mbele ya macho ya watu, bado unasubiri waandishi wake.

Labda kuna atakayesema kwamba mchezo huo wenyewe ni haba kwetu. Katika utafiti mashuhuri wa tamaduni sita ulioanza miaka ya 1950, Nyansongo, jumuiya ya Wagusii nchini Kenya iliyochunguzwa na Robert na Barbara LeVine, ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako mchezo wa kuigiza na wa kubuni ulionekana mdogo. Carolyn Edwards aliyarudia matokeo hayo mwaka 2000. Wagusii si watu wa mbali kwetu: lugha yao imewekwa na Guthrie katika kundi moja na Kikuria, Kizanaki na Kinata. Basi hoja hiyo inatuhusu. Lakini Edwards mwenyewe anatilia maanani kwamba watoto wa jumuiya kama hizo walikuwa na kazi: kuchunga, kulea wadogo, kuteka maji, na mchezo wao ulikuwa umefumwa humo humo. Msichana aliyekabidhiwa mtoto wa kweli mgongoni hana haja ya gunzi. Gunzi hubebwa na yule ambaye bado hajaaminiwa kupewa mtoto. Lina mafunzo ndani yake, na lina wivu kidogo.

Otto Raum, aliyeandika juu ya utoto wa Wachagga mwaka 1940, alikataa kuuita mchezo wa aina hii uigaji mtupu. Kwa maoni yake kiini chake ni kujifanya: mtoto hujijengea jamii ya watu wazima ya kubuni kutokana na vipande anavyoruhusiwa kuvijua. Nadhani Raum yuko sahihi, na ninaongeza kwamba vipande hivyo vingi ni vya lugha. Mtoto anayemkemea gunzi, "Mbona hunyonyi? Unaumwa?", amekopa si ishara za mama tu bali kiimbo chake na nafsi ya pili yake. Gunzi limekwisha kuwa "wewe". Baada ya hapo haliwezi kurudi kuwa "li-" bila mtu kuumizwa.

7. Pingamizi la darasani

Lipo pingamizi ambalo siwezi kulipuuza, kwa kuwa walimu wa darasa la kwanza wamenieleza mara nyingi na wana haki. Tangu mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu uanze mwaka 2015, vitabu vya madarasa ya mwanzo vinabeba mzigo wa kufundisha lugha sanifu. Darasa moja Musoma au Butiama linaweza kuwa na watoto wa lugha nne za nyumbani. Mwalimu anayepokea kitabu chenye "gunzi amelala" atauliza, kwa nini ninapewa kitabu kinachoniharibia kazi?

Jibu langu ni la nusu. Kitabu ambamo upatanisho wa mtoto unatumika peke yake, bila sauti ya pili, kinampa mwalimu sababu ya kulalamika, kwa kuwa msomaji asiyejua ngeli hana cha kulinganisha nacho. Kitabu chenye sauti mbili, kama katika (7), kinafundisha ngeli vizuri kuliko jedwali. Mwalimu anaweza kuuliza swali rahisi: kwa nini mama anasema "hilo"? Watoto wa miaka sita wana jibu. Pia msimulizi anaweza kuanza upande mmoja na kuhamia wa pili, mradi mahali anapohamia paonekane kwenye picha. Kinachoharibu ni kuchanganya bila sababu, na hilo ni kosa kweli, si mchezo.

Kwa wahariri ninashauri jambo moja la utaratibu: kabla ya kugusa kiambishi chochote cha upatanisho katika mswada wa kitabu cha picha, omba kuziona picha. Mswada wa gunzi niliusoma katika karatasi za maandishi matupu, na sikuuliza michoro iko wapi. Ningemwona msichana amelala ubavu na gunzi limefunikwa kanga hadi mahali ambapo shingo ingekuwa, sidhani kama kalamu ingeshuka.

Kitabu kile kilipokaribia kuchapishwa upya nilimwandikia mchapishaji na mwandishi, nikaeleza niliyoyaeleza hapa kwa ufupi zaidi, na nikaomba "a-" irudishwe. Mwandishi alijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Alirudisha sehemu nane. Ya tisa aliiacha kama nilivyoiandika, lakini aliiweka ndani ya alama za mtajo na kuihamishia kwa kaka mkubwa, ambaye anapita mlangoni akiwa na baiskeli na kusema, "Gunzi limelala? Haya, na mimi nakwenda kulilaza tairi langu." Katika mchoro mpya wa ukurasa huo, msichana ameweka kidole mdomoni kumnyamazisha.